Mwaka Nilioacha Lutuku

Ninaandika haya nikiwa mzima. Nalisema hilo mapema, kwa sababu kama mikono yako inatetemeka asubuhi, au kama wewe ni mume, mke au mtoto wa mtu wa namna hiyo, huenda huna nguvu ya kusoma hadi mwisho ndipo ujue kama nilipona. Nilipona. Leo nimekula bugali na sombe ya majani ya mihogo, nimekunywa chai, nimegombana kidogo na mume wangu juu ya kuku wa jirani, na moyo wangu umetulia.

Naitwa Mama Riziki. Nyumba yetu iko Baraka, mji ulio kando ya ziwa, nyuma ya soko. Mume wangu, Etabo, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu asiyepaza sauti hata akiibiwa. Tuna watoto watatu: Riziki, binti yetu wa kwanza, kisha Amisi, kisha Neema aliyekuwa bado anabebwa mgongoni wakati wa haya ninayosimulia. Kabla ya vita niliuza mawese na kuimba sauti ya pili katika kwaya. Baba yangu alikuwa shemasi. Pombe niliijua kwa harufu tu, kwa watu waliopita njiani.

Vita ilipofika kwetu tulivuka ziwa kwa mtumbwi hadi rasi ya Ubwari, tukakaa huko msimu mzima wa mvua kwa watu tusiowajua, tukila mihogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Tuliporudi, shule ya Etabo haikuwa na paa wala mishahara. Mawese yangu hayakuwa na mnunuzi, maana barabara zilifungwa. Jirani mmoja ndiye aliyenifundisha kazi ya lutuku. Unachachusha mihogo na unga wa mahindi, unaipika katika pipa la chuma lililofunikwa vizuri, mvuke unapita katika bomba lililolala ndani ya maji baridi, na upande wa pili inadondoka pombe nyeupe kama maji, kali kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka mdomoni.

Walionunua walikuwa askari walioshika mji. Wengine walitumwa kwa siri na wale wa milimani waliokuwa wakipigana na hao hao wa mjini. Lutuku haikuwa na upande. Watoto wangu walikula, na Amisi akaacha kuvimba tumbo. Kwa hiyo sikuona aibu, na hadi leo siioni. Bamama wengi wa Fizi walilisha nyumba zao namna hiyo.

Ila mpishi lazima aonje. Unamwaga kidogo kwenye moto uone kama inawaka, kisha unaweka tone ulimini. Nilionja na kutema, nilionja na kutema, kwa muda mrefu. Halafu mdogo wangu Alimasi aliuawa kwenye barabara ya Fizi, akirudi na baiskeli aliyopakia mihogo. Walimleta juu ya baiskeli ile ile. Siku hiyo sikutema. Nilikunywa kikombe, na mwili wangu ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani baada ya safari ndefu. Nililia, nikalala, nikaamka nikaendelea na kazi.

Watu huniuliza: ulianza lini kuwa mlevi? Siwezi kujibu. Najua siku ya kikombe cha kwanza, lakini siku hiyo sikuwa mlevi, nilikuwa dada mwenye msiba. Na najua siku nilipoamka nikashindwa kumfunga Neema mgongoni kwa sababu vidole havikuweza kukaza kikwembe. Niliketi chini, nikapiga mafunda mawili kwenye chupa, nikangoja. Vidole vikatulia. Nikamfunga mtoto. Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuwa mlevi zamani, ila sikujua. Katikati ya siku hizo mbili kuna nini, na ni wapi ningegeuka? Nimeitafuta sehemu hiyo mara nyingi, na siioni.

Mwili ulibadilika polepole. Uso ulivimba chini ya macho. Miguu ilichomwa na sindano zisizoonekana, hasa nyayo, hata mchanga wa njia ukawa kama makaa. Siku zangu za mwezi zilikatika, nikafikiri ni mimba, haikuwa. Chakula kilinichukiza, nilikuwa napikia watoto huku nimeziba pua. Jasho langu lenyewe lilinuka pombe hata baada ya kuoga ziwani. Kwenye kwaya sauti ilikwaruza, kisha sikwenda tena, kisha wazee wa kanisa wakanitenga. Nilikuwa na ruhusa ya kuingia, lakini nikae benchi la nyuma, na nisiguse meza ya Bwana.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama yangu alisema nimerogwa na waliomuua Alimasi. Etabo alimwaga chupa zangu alipoziona, na mimi nikajifunza kuzificha kwenye mfuko wa unga. Dada mkubwa wa Etabo, Mama Asende, ambaye anaishi mtaa wa pili na huingia kwetu bila kubisha hodi, yeye alisema wazi.

“Mulamu, nani alikushika kinywa? Nani alikumiminia kwa nguvu? Ni mukono yako. Basi kwa mukono yako hiyo hiyo, acha!”

“Nitaacha,” nikamwambia.

“Lini?”

“Kesho.”

“Kesho yako iko na masharubu sasa. Imezeeka.”

Amisi alicheka. Riziki hakucheka. Alikuwa na umri wa kuanza kuwa msichana, na ndiye aliyekuwa akipika, akifua na kumbeba Neema. Nilimsikia akimwambia rafiki yake nje, “Ule mama amelala.” Hakusema mama yangu. Nilikuwa macho, nimelala chali nikitazama nyasi za paa, na neno hilo liliniingia kuliko yote ya shangazi yake.

Basi niliamua kuacha. Hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu wengi husema mlevi haamui. Niliamua, kwa moyo wangu wote. Mama yangu alikuwa amesikia juu ya nyumba ya maombi katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Fizi, ambapo wagonjwa hufunga na kuombewa. Nikaenda naye, mwanzoni mwa kiangazi. Sikubeba chupa. Mwombezi alikuwa mtu mwema. Alinipa mkeka, akaniambia nisinywe chochote ila maji, na roho hiyo itatoka.

Siku ya kwanza nilitetemeka na kutapika. Waliimba, nami niliimba nao. Siku iliyofuata, moyo ulipiga kama ngoma za arusi na nguo zangu zililowa kana kwamba nimetoka mtoni. Kisha, mchana kweupe, nikaanza kuona ndagala. Walipita ukutani, makundi kwa makundi, waking'aa, wakaingia chini ya mkeka wangu. Nilimwambia mama awatoe kabla hawajaoza. Mama akalia. Baada ya hapo sikumbuki. Wanasema nilianguka, nikakaza meno, povu likatoka, mikono na miguu ikapigapiga chini, na nilipotulia nilikuwa sijui jina langu. Watu wa maombi walifurahi kwanza, wakidhani ni pepo anatoka. Nilipoanguka mara ya pili wakaogopa. Mwombezi mwenyewe ndiye aliyesema, “Huyu apelekwe kwa muganga. Mbio.”

Kwa hiyo ninachokuomba wewe unayesoma, kabla ya yote mengine, ni hiki: kama umekunywa kila siku kwa muda mrefu, usikate ghafla peke yako. Sisemi hivyo kukupa ruhusa ya kunywa. Nenda kituo cha afya kwanza. Mimi nilikuwa na nia yote inayohitajika, na nia ile nusura iniue.

Etabo alikuja na vijana wa kijiji, wakanibeba kwa kipoyi, machela ya miti na kamba. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Haya nilisimuliwa. Askari mmoja alifungua nguo iliyonifunika uso, akauliza ninaumwa nini.

“Kifafa,” Etabo akajibu.

Askari akatazama tena. “Kifafa gani? Huyu si mama wa lutuku?” Kisha akawaita wenzake. “Kuyeni muone! Mama yetu anakufa!”

Etabo anasema alidhani watatuzuia. Lakini askari yule aliondoa mti wa kizuizi kwa mikono yake, akawaambia wapite haraka, na hakudai kitu. Etabo, ambaye hakuwahi kunikaripia, alikuwa amesikia mke wake akitambuliwa kwenye kizuizi cha vita kwa jina la pombe. Hakulitaja kwangu hadi mwaka ulipokwisha.

Kituo cha afya cha mtaani kwetu kilikuwa na vyumba vichache na benchi moja refu barazani, lililotengenezwa kwa mbao za mtumbwi wa zamani. Benchi hilo baadaye nililijua vizuri kuliko kitanda changu. Mara hii ya kwanza sikulikalia; nilipelekwa ndani, nikalazwa, nikawekewa serumu, maji ya dawa ya mshipani, nikapigwa sindano. Muganga wetu, yaani tabibu wa kituo, aliitwa Sadiki, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akitibu kila upande wa vita bila kuuliza. Alinipa vidonge vya kutuliza mwili, vingi mwanzoni, kisha akavipunguza kidogo kidogo, akisema mwili uliozoea pombe hushuka kwa ngazi, hauruki kutoka juu ya paa.

Nilipoanza kuelewa maneno, Mama Asende alikuwa ameketi miguuni pangu na bakuli la sombe, na walikuwa wakibishana juu yangu kana kwamba sipo.

“Mama, hii ni ugonjwa,” Sadiki alisema.

“Ugonjwa? Muganga, malaria ni ugonjwa. Nani anakunywa malaria kwa kikombe?”

“Hakuna. Lakini kuko batu bananikatalia chandarua kila mwaka, na bakishikwa na malaria mi nabatibu. Nibafukuze?”

“Basi hana kosa? Mukimwambia hana kosa, akitoka hapa atafika kwa chupa mbele ya kufika kwa batoto.”

“Sikusema hana kosa. Nimesema ni mugonjwa.”

“Ao hii, ao ile! Haiwezi kuwa yote mbili.”

“Kwa nini haiwezi?” Sadiki akauliza. Wakati huo walimwita kwa mwanamke wa kujifungua, na mabishano yakaishia hapo. Mama Asende akanigeukia, akaona macho yangu yako wazi. Akachota sombe kwa kijiko.

“Kula,” akasema kwa hasira. Nikatapika juu ya kikwembe chake. Alikifua mwenyewe.

Kwenye kitanda cha pili alilala mtoto mwenye mguu uliovunjika, na mama yake alilala chini, kati ya vitanda vyetu. Jina lake lilikuwa Nyamahoro, mwanamke wa milimani, kutoka upande wa Minembwe, aliyemteremsha mtoto mgongoni kwa miguu. Miaka ile, mtu wa huko kukaa na mtu wa kwetu chumba kimoja halikuwa jambo jepesi. Kila upande ulikuwa na wafu wake. Wageni walioingia kunisalimu walimwona, wakashusha sauti. Yeye alitazama mtoto wake tu.

Tumbo langu lilikataa kila kitu, hata uji. Jamaa zake waliokuwa mjini walimletea maziwa ya mgando katika chombo cha mti. Asubuhi moja alimimina kidogo katika kifuniko, akaniinua kichwa.

“Kunywa polepole,” akasema. “Ukishindwa, acha. Tutajaribu tena.”

Yalibaki tumboni. Alifanya hivyo kila asubuhi tuliyokaa pamoja. Sijui kama alijua ugonjwa wangu ni wa nini. Harufu yangu ilisema yote, nadhani alijua. Hakuuliza. Siku moja nilianza kumweleza, nikisema mimi ni mtu mbaya, nimeharibu nyumba yangu. Akanikatiza: “Mama, mi niko na mutoto wa mguu. We uko na yako. Kunywa.” Waliondoka wakati nimelala kwa dawa, na sikumuaga. Nimeuliza watu wanaoshuka kutoka kule juu, hakuna anayemjua. Kama yuko hai na mtoto wake anatembea, nafurahi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekonda, miguu bado inachoma, lakini kichwa ni chepesi. Niliamrishwa kurudi kila juma kwa sindano za vitamini na vidonge. Hapo ndipo nilipolijua lile benchi. Unafika mapema, unakaa mwisho, watu wanasogea na wewe unasogea, mbao zikikubana mapaja. Kila mtu anauliza mwenzake anaumwa nini. Mwenye kuhara anasema kuhara, mwenye homa anasema homa. Nilisema “miguu.” Nao wote walijua, na wakawa na adabu ya kunipa pole ya miguu. Ni jambo dogo. Lakini pole ile ya uongo ilinisaidia kurudi juma lililofuata.

Sasa nifike mahali pagumu. Neno la Sadiki, ugonjwa, lilinifuta machozi. Nililibeba kama mtu anayebeba karatasi ya kupitia kizuizini. Na mvua za kwanza ziliponyesha, nikiwa sijamaliza dawa, nilianza tena kupika lutuku. Nilimwambia Etabo ni kwa ajili ya chakula cha watoto, na ilikuwa kweli. Nikaonja na kutema. Kisha sikutema.

Etabo alirudi kutoka shuleni, ambako walikuwa wakifundisha chini ya turubai, akanikuta nimeketi karibu na pipa, macho mekundu.

“Umekunywa,” akasema.

“Mi niko mugonjwa,” nikamjibu. “Muganga alikuambia. Unamugombeza mugonjwa?”

Aliweka chini chaki na kifutio. Hakupaza sauti.

“Mama Riziki, kama uko mugonjwa, simama, twende kwa muganga sasa hivi, nitakubeba. Kama hauko mugonjwa, acha. Lakini usikuwe mugonjwa saa ya kunywa tu, na saa ya dawa unakuwa muzima. Hapo mi nashindwa kukusaidia.”

Riziki alikuwa amesimama mlangoni na Neema mgongoni. Nilisimama. Etabo alinishika kiwiko, tukapita sokoni mchana, mbele ya watu wote, hadi kwenye benchi.

Sadiki hakunilaumu wala hakunifariji. Aliuliza kwanza nimekunywa kiasi gani, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: “Ni wapi unashindwa? Kikombe kikiwa mukononi unaweza kukiweka chini?”

“Hapana.”

“Kikiwa juu ya meza?”

“Pengine. Mara moja moja.”

“Kikiwa kwa jirani, na we uko nyumbani kwako na bugali iko motoni?”

Nikafikiri. “Pale naweza.”

“Basi tutafanyia kazi pale unaweza,” akasema. “Pale hauwezi, usifike.”

Tangu hapo niliacha kujiuliza kama nina hiari au sina. Niliona kwamba hiari yangu haikuwa na ukubwa mmoja kila mahali. Kikombe kikiwa mdomoni, sikuwa nayo hata ya kujaza ganda la karanga. Asubuhi, tumbo likiwa na uji na Etabo hajaondoka, nilikuwa nayo ya kutosha kufanya jambo moja la siku hiyo. Basi nilitumia ile ya asubuhi. Niliacha njia ya sokoni inayopita kwa wapishi wenzangu, nikashika ile ndefu ya mashamba ya mpunga, inayokupaka matope hadi magotini. Nilimwomba Mama Asende akae nami saa za jioni, ambazo zilikuwa mbaya zaidi. Alikuja na mbegu za kumenya, na ulimi wake.

“Mi sikubali ni ugonjwa,” alisema kila alipoketi. “Nimekuja kwa sababu ya ndugu yangu.”

“Aksanti, mulamu.”

“Usinishukuru. Menya.”

Lilibaki pipa. Etabo alitaka lipondwe. Mimi niliogopa njaa, na hofu hiyo haikuwa kisingizio. Tulikuwa tumezika watoto wa majirani. Tulizungumza juu yake msimu mzima wa mvua, na kila siku pipa likiwa nyuma ya nyumba, na mimi nikilizunguka kwa mbali kama mtu anayemkwepa mbwa mkali. Hatimaye nilimwita fundi wa chuma kabla ya chai, mapema kabisa, wakati nina nguvu, nikamwambia alipasue na kulifanya tanuri la mikate. Alipoanza kugonga nilijifungia chumbani na kuziba masikio. Nililia kama siku ya Alimasi. Nadhani nilimlilia tena Alimasi, safari hii bila kikombe, na ilichukua muda wake wote, na ikaisha.

Mikate ya kwanza iliungua. Ya pili ilikuwa migumu, Amisi akaitumia kama mpira. Ya tatu tuliiuza. Hatukutajirika, na kulikuwa na siku za kulala na chai tupu, lakini askari nao hula mikate, na walipoanza kuondoka mjini, watu waliorudi kutoka ng'ambo ya ziwa walikula zaidi.

Mwili ulirudi kwa hatua zake. Kwanza usingizi. Kisha ladha: siku moja nilionja mawese katika maharagwe nikaacha kijiko hewani, maana nilikuwa nimesahau kwamba mawese yana utamu. Siku zangu za mwezi zilirudi wakati wa kuvuna karanga. Nyayo bado huwaka hadi leo kukiwa na joto. Sadiki alisema mishipa ina kumbukumbu ndefu. Mikono ndiyo iliyochelewa. Nilijua imepona mchana mmoja wa kiangazi, Riziki alipokuja na kitana na uzi mweusi, akaketi chini kati ya magoti yangu. Kwa muda mrefu alikuwa akisukwa kwa jirani. Nilimchambua nywele, nikagawa mistari. Mistari ilinyooka.

“Usibane sana, mama,” akasema.

Nilibana vile vile, kama mama yangu alivyonibana mimi.

Kanisani hawakunirudisha upesi. Waliniita mbele ya wazee baada ya mavuno. Mchungaji wetu, mtu wa haki asiyependa mambo ya katikati, aliniuliza: “Mama Riziki, sisi tulikutenga kwa dhambi. Sasa batu banasema ilikuwa ugonjwa. Kama ni ugonjwa, sisi tulikosa. Kama ni dhambi, utubu. Ni nini?”

Etabo alitaka kunijibia. Nikamgusa mkono.

“Pasta,” nikasema, “nilimwacha Neema na njaa, nikalala. Nilimudanganya baba ya batoto. Nilimutukana mama yangu. Ile nilifanya, natubu, mbele yenu bote. Lakini kutetemeka sikufanya. Kuanguka sikufanya. Ile siwezi kutubu, sijui namna ya kuitubu. Kwa ile munipe pole.”

Wazee walitazamana. Mmoja alikohoa. Kisha mchungaji akasema, “Pole, mama,” na wengine wakasema pole, mmoja mmoja, kama msibani. Walipanga nirudi kwenye kwaya. Sauti yangu haijawa kama zamani, wananiweka pembeni kidogo, na wako bamama wawili ambao hadi leo hawanywi maji katika kikombe changu. Sikasiriki. Huwapa mikate tu, nayo wanaila.

Mama Asende naye hakubadili maneno. Juzi tu aliwaambia wageni, mbele yangu, kwamba niliacha kwa sababu nilitaka, na kwamba ningetaka mapema ningeacha mapema. Sadiki, aliyekuja kununua mkate, akasema niliacha kwa sababu nilitibiwa. Wakabishana hadi chai ikapoa. Mimi niliwakatia mkate wote wawili. Mmoja alinipa dawa, mwingine alikaa nami jioni baada ya jioni na kufua matapishi yangu, na kama wote wawili wangengoja kwanza wakubaliane, ningekuwa nimezikwa.

Asubuhi moja wiki hii, tanuri likiwa bado lina moto, alikuja mwanamke aliyeshuka kutoka Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Sitataja jina lake. Alisimama nje, amejifunika kikwembe hadi kidevuni ingawa kulikuwa na jua, na mikono ameificha ndani. Nilijua kwa nini ameificha. Nilimpa kiti, akakataa. Nilimpa chai, akaiacha.

“Waliniambia we ulipona,” akasema. “Nataka kukuuliza kitu moja tu, kisha nitaenda. Hii ni kosa yangu, ao ni ugonjwa? Uniambie kweli.”

Nilimwangalia vidole vya miguu. Vilikuwa na vumbi la njia nzima, na viatu vyake amevivua mlangoni kwa heshima. Kituo cha afya hufunguliwa mapema na benchi hujaa haraka. Nilimwita Riziki aangalie mikate, nikafunga kikwembe changu vizuri.

“Vaa viatu kwanza,” nikamwambia. “Tutaongea njiani.”